Matete Yaliyorudishwa Ukingoni

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi Asegelile, Januari 1983, tukipepeta mpunga jikoni kwake. Alikuwepo kilipotokea. Alichosema hakijui, sikukijaza.

Hapo zamani, ziwa lilipokuwa likila ardhi, kaka yake Ambakisye aliishi na wazazi wake, mkewe Tumwitikege na watoto wao wawili ufukoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Babu yao alikuwa amefyeka matete yote mbele ya nyumba ili alione ziwa. Akaliona. Kila masika likasogea hatua tatu. Likachukua migomba, likachukua zizi, likachukua kaburi la babu mwenyewe.

Ambakisye akaenda mlangoni mwa mto, akachimba mashina ya matete, akayapanda ukingoni miaka miwili mfululizo. Jirani yake Gwamaka akamcheka:

"Wenzako wanalima mpunga, wewe unalima nyasi! Utazila na mboga gani?"

Masika ya tatu nyumba ya Gwamaka iliingia majini pamoja na vitanda. Ya Ambakisye ilisimama.

Lakini matete hayachagui mgeni. Mamba naye akarudi. Tumwitikege akamwambia mumewe, "Baba Ipyana, tujengee uzio wa miti pale tunapochota maji."

"Nikichimbia miti sasa nitakata mizizi. Ngoja ishike."

Akangoja.

Pa wazi pa kufikia maji palibaki mahali pamoja tu, na kila asubuhi baba mkwe, Mzee Mwaipasi, alioga hapo. Kwa desturi yetu ya wakati ule, mke wa mwana hakukutana na baba mkwe. Akisikia sauti yake, aliacha njia, akajifunika, akajificha. Kwa hiyo mama mkwe, Subilaga, akakata kijia katikati ya matete.

"Mkamwana, pita huku. Usije ukakutana na mume wangu ukanitia aibu."

Asubuhi moja Tumwitikege akaingia kijiani na ndoo. Mzee, akiwa anaoga, akaona maji yakivimba pale kijia kinapoishia. Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Akapaza sauti mwenyewe:

"Rudi! Mamba!"

Tumwitikege alisikia sauti ya mkwe kabla ya kusikia neno. Akafanya alivyofundishwa. Akavuta khanga usoni, akaacha kijia, akachutama ndani ya matete.

Jioni walipata cha kuzika, kidogo.

Baba yake Tumwitikege akaja msibani. Wakamletea ng'ombe wa kuomba radhi, akamkataa. Wakamletea kigoda, akakikataa.

"Nipeni jina moja," alisema. "Mwenye kosa ahame hapa leo, wajukuu wangu wasikue wakimwamkia. Msiponipa jina, nawachukua wote wawili, na hamtawaona tena."

Ambakisye akasema, "Bila matete yangu, wajukuu hao wangekuwa chini ya ziwa. Uzio niliuahirisha, sikuukataa."

Subilaga akasema, "Kijia nilikikata ili binti yako akae kwa heshima. Na nani alimfundisha kukimbia sauti ya mkwe, mimi au wewe? Alikuja hapa anajua tayari."

Mzee Mwaipasi akasema, "Ningenyamaza, mngesema nimemwacha afe. Nimeita, mnasema nimemsukumia mamba. Nilitakiwa kufanya lipi?"

Asegelile, aliyekuwa binti tu, akamwambia baba yake kutoka mlangoni, "Tata, ungepiga mluzi."

Mama yake akamkemea. Lakini mzee alimgeukia bintiye.

"Mluzi," alisema. "Sikuukumbuka mluzi."

Ambakisye hakuwa tayari kumfukuza baba yake, wala mama yake. Wazazi hawakuwa tayari kumfukuza mwana aliyeokoa nyumba. Baba wa marehemu akawashika watoto mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, akasimama nao uani akingoja jina.

Hapo shangazi aliweka ungo chini, akatugeukia, akatuuliza jina. Nasi hatukukubaliana, hata leo.

Mzee Mwaipasi amekufa. Subilaga amekufa. Baba wa marehemu amekufa, na shangazi tulimzika mwaka juzi. Walio hai ni Ambakisye, ambaye haoni tena, na wale watoto wawili.

Haya, ninyi mnaosikiliza: mwenye matete, mwenye kijia na mwenye sauti, je, nani alistahili kuhama?