Jumbe Fisi Ajifunza Shoti

Hapo kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba na kufiwa kama sisi, wanangu, palikuwa na mjane, Bi Mwanakheri Nguchiro. Mumewe alikufa mwezi wa Shaabani, Mungu amrehemu. Alimwachia watoto watatu, nyumba ya udongo na Farasi.

Bi Mwanakheri alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, amevaa nyeupe. Kisima kiko mbali, juu mlimani. Basi kila asubuhi Farasi alibebeshwa mitungi, akapanda peke yake, majirani wakaijaza, akarudi. Bila Farasi, nyumba ile haina maji.

Siku moja ya Ramadhani, ngo ngo ngo! Alikuja Jumbe Fisi, mkuu wa mji, pamoja na shemeji yake, Ngiri. Fisi alisema amefunga, ila midomo yake iling'aa mafuta.

"Hodi, Bi Mwanakheri. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa, Jumbe," Nguchiro alijibu nyuma ya mlango.

"Idd inakaribia. Mkubwa kama mimi hawezi kwenda kuswali kwa miguu. Nitamchukua Farasi."

"Na maji ya wanangu?"

"Watoto wafundishwe subira."

"Na mtu aliye kwenye eda ana safari gani hata awe na farasi?" aliongeza Ngiri.

Farasi alikuwa hapo hapo uani. Hakuna aliyemuuliza.

Nguchiro aliwatazama wanawe. Angelia, lakini machozi alikwisha kuyamaliza. Mlango wenyewe Fisi angeuvunja kwa bega moja. Akavuta pumzi, akasema taratibu:

"Sawa, Jumbe. Ila ukienda msikitini kwa hatua za kutembea, watu watasema umeazima punda. Marehemu alikuwa akienda kwa shoti, mbio zile za farasi za kurukaruka."

Ile shoti Fisi aliijua. Kila Ijumaa alimwona marehemu akipita, ka-ta-ta, kimya, ka-ta-ta, kimya, kajitu kadogo juu ya mgongo mkubwa, wala hatikisiki. Miaka saba shoti hiyo ilikuwa inamkera.

"Alhamisi zunguka msikiti mara moja kwa shoti, mbele ya watu," akasema Nguchiro. "Usipoanguka, Farasi ni wako. Ukianguka, usimguse tena."

"Mumeo alikuwa na uzito wa kuku," Fisi akacheka. "Alichoweza yeye, kinishinde mimi? Shemeji, wewe ni shahidi."

"Na majirani pia," alisema Nguchiro.

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uani.

"Haya, nifundishe," akasema Fisi.

"Nitakwambia kweli tupu, maana nami nimefunga. Marehemu alikaa kama gunia la unga. Alilegeza miguu. Alishusha pumzi taratibu, akisema Alhamdulillahi. Alikuwa akisema, Farasi ndiye anayekwenda, mimi nimebebwa tu."

Fisi akamgeukia Ngiri. "Umesikia? Nikae kama gunia!"

"Hayo ni ya wanyonge, Jumbe," alisema Ngiri. "Wewe una mapaja. Mbane mpaka ajue nani bwana."

"Nimekwisha kukwambia ya marehemu," alisema Nguchiro. "Mapaja kama yako hakuwa nayo."

Fisi akafurahi sana, akaenda zake.

Alhamisi watu walikuwa wakipaka chokaa ukuta wa msikiti kwa ajili ya Idd. Fisi alipandishwa, kanzu imepigwa pasi. Nguchiro alichungulia kwenye tundu la dirisha linaloelekea msikitini, wanawe wamemshika nguo.

Farasi akaanza. Ka-ta-ta, kimya. Ka-ta-ta, kimya.

Kule kurushwa kidogo tu, Fisi alishtuka. Akabana mapaja.

Farasi akaongeza. Ka-ta-ta-ka-ta-ta!

"Anakimbia!" Fisi alipiga kelele.

"Mbane, Jumbe!" Ngiri naye alipiga kelele.

Fisi akabana, akainama, akazuia pumzi, akakumbatia shingo kwa mikono miwili. Ka-ta-ka-ta-ka-ta! Kofia ikaruka. Kanzu ikamfunika kichwa.

"Legeza!" walisema wapaka chokaa.

"Mbane!" alisema Ngiri.

Kwenye kona ya msikiti Farasi alikata kushoto. Fisi akaendelea moja kwa moja.

Chubwi! Ndani ya hodhi la chokaa.

Alipotoka alikuwa mweupe kuanzia masikio hadi mkia. Akamnyooshea Farasi kidole. "Amenitupa kwa makusudi!"

Farasi alikuwa amesimama, anatafuna majani. "Ulinibana, nikaenda," alisema. "Ukanibana zaidi, nikaenda zaidi. Mimi nimefundishwa hivyo."

"Mjane amenidanganya!"

"Alikwambia ulegeze," walisema majirani. "Tulikuwapo sote uani."

Fisi akamtafuta Ngiri. Ngiri alikuwa amekwisha kufika mbali.

Akarudi kwake chokaa ikimdondoka. Alipopita dirishani kwa Bi Mwanakheri, sauti ndogo ikatoka nyuma ya ukuta:

"Jumbe, hiyo nyeupe imekukaa. Miezi minne na siku kumi, na usitoke nje."

Idd ile Fisi hakuonekana kwenye swala. Farasi alionekana, akipanda mlimani na mitungi yake, ka-ta-ta, kimya.

Nanyi wanangu shikeni hili: mwenye kiburi huambiwa kweli mchana kweupe, akaitupa kwa sababu imetoka kwa mnyonge.