Firigisi ya Kuku wa Nyamizi

Hapo zamani, nchi moja ilipopigana yenyewe kwa yenyewe, divisheni ya askari wa miguu ilitembea vitani miaka mitatu hadi ikafika mbele ya kijiji cha Kasolwe. Waasi walikuwa wamejichimbia humo. Amri ilisema: jua likifika utosini, shambulieni.

Kijijini alikuwamo Nyamizi, mzazi wa siku sita. Majirani walikimbia. Yeye hata kusimama vizuri hakuweza. Alimkumbatia mwanawe, akasubiri.

Asubuhi hiyo koplo wa redio, Lubuva, alisikia kwamba amani imetiwa saini. Kabla hajasikia zaidi, betri ikafa. Akamweleza mkuu wa divisheni, Jenerali Kahigwa. Jenerali alikuwa na amri ya maandishi mkononi, na aliyekaidi amri vitani alipigwa risasi. Akamtazama koplo usoni, akaamini, akawaketisha askari wote chini.

Lakini waasi nani awaambie? Lubuva akavua fulana yake nyeupe, akaifunga kwenye fimbo, akakata uwanja peke yake. Handakini alikuwamo Mbasa, mwasi ambaye kaka yake aliuawa na divisheni hiyo hiyo. Akamlenga kifuani. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akalaza bunduki, akamwita aje.

Jioni mjumbe akafika: ni kweli, vita vimekwisha. Nyamizi alilia huku akicheka. Alikuwa na kuku mmoja, wa supu yake ya uzazi. Akamchinja, akawaita wote watatu, Jenerali, koplo na Mbasa. Sufuria ikichemka, Mbasa alimtekea maji, na Jenerali akampakata mtoto kama aliyezoea.

Kwao firigisi haikatwi. Huliwa na mtu mmoja tu, aliyeiokoa nyumba.

"Dada, mimi niliielekea bunduki nikiwa na fulana yenye matundu tu," alisema Lubuva.

"Matundu ningekuongezea, koplo," alijibu Mbasa. "Damu ya kaka yangu bado mbichi, na nilikuacha upite."

Jenerali alisema polepole, asimwamshe mtoto, "Askari elfu nane walingoja neno langu. Redio ingekuwa imekosea, ningekufa mimi."

Nyamizi akainua upawa, firigisi juu yake. Mabakuli matatu yalikuwa mbele yake, na hakutaka kumwonea hata mmoja.

Haya, nyinyi mlioketi hapa, upawa ungekuwa mkononi mwenu: je, nani alistahili?