Kasha la Bi Riziki

“Kosa likitajwa, shoka hupumzika.” Mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni maneno ya wapasua kuni. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Wete palikuwa na bibi aitwaye Riziki, mwenye kasha la mvule lisilo na ufunguo. Ndani ya kifuniko mlikuwa na vijiti viwili vya kulifunga: kirefu kikiingia ubavu wa kushoto, kifupi ubavu wa kulia. Kulifungua, kasha hulazwa kwanza kwa kulia, kirefu kichomoke. Kisha kwa kushoto, kifupi kifuate. Kifupi kikitangulia, vinazuiana. Wanawake wa nyumba ile hawakupata tabu kukumbuka, maana kila jambo la heri huanzwa kwa kulia.

Siku ya arusi ya mjukuu wake, Mize, nguo za bibi arusi zilikuwa mle ndani, na kasha lenyewe ndilo la kumsindikiza kwa mumewe. Likalazwa kulia, likalazwa kushoto. Wapi! Likasimamishwa, likaanzwa upya. Mashangazi wakasoma dua, wakalifukiza udi. Kasha likanukia, halikufunguka.

Hamadi, baba yake Mize, akaja na shoka.

“Baba, niende kwa watu na kuni?” Mize akalia.

“Utakwenda na nguo, mwanangu. Wakweo wako njiani.”

Bi Riziki akakaa juu ya kasha. “Basi nipasue mimi mamako kwanza. Kasha halijiharibu lenyewe. Nani kaligusa?”

Faki, mdogo wake Hamadi, alikuwa akiangalia dari kama mnunuzi wa boriti. Faki hakuwa seremala, ila mdomo wake ulikuwa na karakana nzima.

“Faki, dari inakwambiaje?”

“Mama, mimi nililipaka mafuta tu juzi, lisitutie aibu.”

“Ukavitoa vijiti?”

“Nikavitoa.”

“Ukavirudisha?”

“Vyote viwili!”

“Kila kimoja kwake?”

Faki akalitazama shoka, akamtazama Mize. “Kirefu nilikitia kulia, mama. Niliona ndiyo heshima.”

Bi Riziki akacheka hata akashuka kutoka juu ya kasha. “Lianzeni kushoto.”

“Kushoto, siku ya arusi?” mashangazi wakaruka.

“Kosa limeingia kwa kulia, litatoka kwa kushoto. Lilazeni!”

Kushoto, tak. Kulia, tak. Kifuniko kikainuka kama hakijawahi kugoma.

Hamadi akabaki na shoka mkononi, hajui alipeleke wapi. “Liweke, mwanangu,” Bi Riziki akamwambia. “Kosa limetajwa, na shoka nalo lipumzike.” Mashangazi wakaudaka msemo huo, wakamwimbia nao Faki mpaka pilau ikaiva.

Basi ndiyo hivyo. Sasa, redio yangu imenyamaza tangu jana, na hapa namwona mtu anaangalia dari. Wajukuu zangu, kosa likitajwa, shoka hupumzika.