Taa ya Breki ya Naftali Shemhilu

Waliokuwapo kijiweni Soni asubuhi ile ni hawa. Alikuwapo Naftali Shemhilu, mkuu wa msafara wa pikipiki zinazoteremsha mboga Mombo. Alikuwapo Tabea Kihiyo, mtoto wa dada yake Naftali, mwanamke pekee katika msafara huo. Alikuwapo Zefania Guga, ambaye wengi wenu humwita Zakaria, lakini alibatizwa Zefania. Alikuwapo Mama Yunisi Shemdoe, muuza chai. Na alikuwapo Koplo Bathlomeo Mkude wa usalama barabarani, aliyekuja kunywa chai hiyo na si kukamata mtu. Wengine walikuwapo pia, na pikipiki zao na matenga yao, lakini kwa mfano wa mahubiri ya leo hao watano wanatutosha.

Naftali alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, mgongo umenyooka, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Alikuwa na haki ya kukaa hivyo. Mnaufahamu ukungu wetu wa mwezi wa Julai, ule unaoshuka mpaka hata mkono wako mwenyewe ukiunyoosha usiuone vizuri. Katika ukungu huo watu wa kijiwe kile hushuka mlima kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, na anayetangulia huitwa Macho. Macho hasemi kwa mdomo, maana nani atamsikia? Husema kwa taa yake ya breki. Akiigusagusa breki upesi, taa ikawaka na kuzimika, maana yake kuna gari linapanda: jibaneni kushoto, msisimame. Akiikanyaga asiiachie, taa ikawaka ikatulia, maana yake simama hapo hapo ulipo. Basi. Maneno mawili tu, na kwa maneno hayo mawili watu wote wale hufika Mombo wakiwa wazima.

Naftali ndiye aliyewafundisha lugha hiyo, mmoja mmoja. Tangu ashike nafasi ya mbele, hakuna mtu aliyekuwa ameanguka nyuma yake. Jambo hilo alilijua, na hakuchukia likitajwa.

Sasa asubuhi ile alikuwa na kitu kipya. Wiki iliyotangulia alikuwa anapanda kutoka Mombo peke yake, na lori likamjia kwa nyuma karibu limpitie juu. Dereva aliapa kwamba hakuiona taa yake. Naftali akaenda akanunua taa nyingine. Hii, ukikanyaga breki, haiwaki ikatulia. Inapepesa, nyekundu kali, haikomi mpaka uachie. Akawaita waje nyuma ya pikipiki, kisha akakanyaga.

"Tukikufuata na hiyo," akasema Zefania, "tutadhani tunakwenda harusini."

"Cheka. Dereva wa lori akiwa amesinzia ataamka."

"Ataamka, atauliza bibi harusi yuko wapi."

Watu wakacheka, na Naftali mwenyewe akatabasamu kidogo. Kisha akamgeukia koplo. "Afande, wewe ndiye mwenye sheria. Taa hii imekatazwa?"

Koplo Mkude aliiweka chini bilauri yake. Alikuwa mtu mwangalifu. "Mzee Shemhilu, breki nyekundu inayotulia naijua. Hii inayopepesa bila kutulia sijaulizwa bado. Sitasema nisilolijua. Nitamuuliza mkubwa wangu."

"Lakini kukatazwa, umeona mahali imekatazwa?"

"Sijaona."

"Basi umesikia, Zefania. Haikukatazwa."

Tabea alikuwa bado amesimama nyuma ya pikipiki, akiitazama ile taa. "Mjomba," akasema, "sasa ukitaka tusimame, tutajuaje kama..."

"Tabea. Unanifundisha breki?"

"Hapana, Mjomba."

"Nani alikufundisha wewe?"

"Wewe, Mjomba."

"Haya. Funga tenga lako vizuri, tunaondoka."

Mama Yunisi, aliyekuwa anakusanya bilauri, akasema bila kumtazama mtu, "Alikuwa hajamaliza swali."

Ndugu zangu, nawauliza. Je, Naftali alikuwa mtu mbaya? Hakuwa. Je, taa yake ilikuwa mbaya? Ngojeni. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni kosa ambalo mtu wa mbele tu ndiye awezaye kulifanya. Katika pikipiki, taa ya breki ni taa ambayo mwenyewe haioni. Naftali aliwafundisha wote kusoma lugha ile, lakini yeye miaka yote alikuwa mbele. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu alipoisoma kwa macho yake.

Wakateremka. Ukungu uliwapokea kwenye kona za chini ya Soni. Naftali mbele, Tabea nyuma yake, Zefania wa tatu, kisha wengine. Kwenye kona moja udongo ulikuwa umeporomoka kutoka juu pamoja na mawe, ukaziba upande wote wa kushoto. Naftali aliuona kwa wakati wake, kama alivyozoea kuona. Akakanyaga breki, hakuiachia. Kwa akili yake alikuwa amesema neno moja, simameni.

Tabea aliona nini? Aliona taa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Akafanya kama alivyofundishwa. Hakusimama. Alijibana kushoto, akaingia moja kwa moja kwenye mawe.

Kabichi zilitawanyika barabara nzima. Naftali alipomfikia, alimkuta amelala ubavu, mguu umevunjika chini ya goti, uso umejaa udongo, akili zake timamu.

"Ulisema lori, Mjomba."

"Sikusema lori. Nilisema simama."

"Mimi nilisoma taa yako. Moyo wako ningeusomaje?"

Kutoka juu, nyuma ya mstari wao, ulisikika mlio wa lori linaloshuka na mzigo. Pikipiki zote zilikuwa zimesimama ovyo barabarani, majeruhi katikati, na ukungu umefunika kila kitu. Dereva yule angejua vipi?

Naftali aliipanda pikipiki yake, akaigeuza, akapanda mlima akiwapita wenzake, akampita hata wa mwisho, akazidi kwenda mpaka juu ya kona. Hapo akaigeuza tena, akaielekeza taa yake kule lori linakotoka, akakanyaga breki, akabaki hapo. Mtu angeweza kuruka pembeni. Yeye alikaa juu ya pikipiki, mgongo kwa lori, mguu juu ya breki, akiusikia ule mlio unakuja. Ile taa ikapepesa ndani ya ukungu. Lori lilianza kupunguza mwendo kwa mbali, likafunga breki, likasimama nyuma yake. Dereva akashuka. "Mzee," akasema, "nimeona kitu chekundu kinachezacheza, nikasema hapa kuna jambo."

Taa ile ile, ndugu zangu. Asubuhi moja, mlima mmoja, mtu mmoja. Mbele ya mstari ilimvunja mtoto wa dada yake mguu. Nyuma ya mstari iliokoa msafara mzima.

Jioni Naftali alikwenda hospitalini na bisibisi mfukoni. Akamwambia Tabea kwamba ameshaamua, ataing'oa taa na kuitupa bondeni.

"Usiitupe," akasema Tabea kutoka kitandani, mguu umefungwa plasta. "Wageni wanaielewa. Sisi ndio hatuielewi. Kaa nayo nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya wote, Mjomba."

Fikirini neno hilo kwa mtu aliyeitwa Macho. Aliigeuzageuza bisibisi mkononi. Kisha akauliza, "Na mbele atakaa nani?"

"Mguu huu utapona."

Na ulipona. Tabea Kihiyo aliporudi barabarani, Naftali alimpa nafasi ya mbele mwenyewe, mbele ya watu wote, kijiweni. Zefania hakuweza kujizuia. "Leo Macho yamehamia kisogoni," akasema. Watu wakaogopa kucheka. Naftali akamtazama, kisha akaenda akatafuta rangi nyeupe, akaandika neno KISOGO kwenye madigadi ya nyuma, kwa herufi nzuri za shule. Nani alimlazimisha? Hakuna. Wala hakungoja jibu la mkubwa wa koplo. Aliirekebisha taa ipepese mara chache tu kwanza, kisha iwake na kutulia, ili anayetaka taa inayotulia aikute imetulia. Koplo Mkude alipoiona alisema, "Mzee, sasa hata nikijibiwa vibaya nitalala usingizi."

Tangu hapo alishuka mlima akiwa wa mwisho. Katika ukungu hakuweza kumwona Tabea kule mbele. Lakini aliona taa iliyo mbele yake ikiwaka na kuzimika, kwa sababu ya taa iliyo mbele ya hiyo, na nyingine, na nyingine, mpaka kwa mtoto wa dada yake. Na mstari mzima ukajibana kushoto kama mtu mmoja, na gari likapanda likapita. Waliomwona akifika Mombo husema mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko zamani. Nami sioni ubaya. Kuna fahari ambayo hatuna haja ya kuitubu.

Na sisi je? Sisi tumekuwa hodari sana wa kuuliza, "Imekatazwa wapi?" Tunamuuliza koplo, tunamuuliza mchungaji, tunafungua Biblia tukitafuta mahali ambapo haikuandikwa. Lakini nani kati yetu huuliza, "Aliye nyuma yangu anasoma nini?" Wewe baba, watoto wako hawausomi moyo wako. Wanasoma ulichowafundisha wakisome. Wewe mzee wa kanisa, ukibadili ishara, umewaambia? Au yule aliyetaka kukuuliza umemwambia afunge tenga lake?

Tena wengine wetu tuna kipawa kizuri, kizuri kweli, nacho kinaumiza watu kila siku kwa sababu tumekiweka mbele, na mahali pake ni nyuma. Hatutaki kusikia hivyo. Tungependa kukitupa bondeni kuliko kurudi nyuma nacho. Naftali alirudi nyuma nacho. Mimi nimeishi miaka mingi katika milima hii, na nawaambia, sikuona mtu aliyesimama juu kuliko yule wa mwisho.

Haya nimewasimulia leo kwa sababu Naftali Shemhilu alifariki dunia jana alfajiri, nyumbani kwake.