Mbwa Mwitu Waliokataa Kwenda Zao

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kusengenyana kama sisi tu, fisi walivamia kijiji cha Majanimengi. Wanakijiji wakawaita mbwa mwitu arobaini waje kuwapigania. Sharti lilikuwa moja: vita vikiisha, mbwa wote wavuke mto, wasirudi.

Walipigana kweli, sitawanyima haki yao. Siku saba ilikuwa ng'wa! ng'wa! mpaka fisi wa mwisho akakata roho. Kila mbwa akajivika kipande cha ngozi ya fisi, akatamba nacho.

"Haya, kwaherini," wakasema wanakijiji.

"Kwaherini?" akafoka Ngwamba, jemadari wao. "Na fisi wakirudi? Tunabaki!"

Wakabaki. Msicheke! Hata mwilini mwenu wamo askari wadogo wa namna hii. Ugonjwa ukishindwa, wengi wao hujifia kimya, na hiyo ndiyo heshima yao. Wasipokufa, huweza kumgeukia mwenye mwili.

Basi Jumatatu mbwa wakamtafuna Kanga: ana madoadoa, kama fisi. Jumatano wakamtafuna Mbuzi: alicheka, kama fisi. Usalama ulioje! Kijiji kizima kilikuwa salama, isipokuwa wakazi wake.

Alhamisi wakamkamata Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu.

"Pua gani hii? Huyu fisi! Adhuhuri tunamla."

Mkewe, Bi Sange, mwenyewe hajai kiganja. Lakini alimpenda mumewe kuliko alivyowaogopa mbwa. Akaenda kambini, akapiga goti.

"Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba. Umekuja kumuaga?"

"Nimekuja kushukuru, baba! Bila nyinyi tungekuwa wapi? Ila huko sokoni watu wana midomo. Wanasema ati siku hizi hamna pua, mnabahatisha tu."

"Sisi? Hatuna pua?"

"Ndiyo nikawaambia, ebo! Wale hata wakifungwa vitambaa machoni, watamjua fisi kwa harufu!"

"Hata vitambaa kumi!" akanguruma Ngwamba. "Vijana, jifungeni macho!"

Wakajifunga, arobaini wote, vifua mbele. Bi Sange akamsimamisha mumewe katikati, akapaza sauti: "Anayenuka fisi, asipone!"

Fuu! Fuu! Pua zikaanza kazi. Sange alinuka kumbikumbi aliowala jana, basi. Lakini harufu ya fisi ilikuwepo, tena tele!

"Huyu hapa!"

"Nami nimempata!"

"Lo! Wamejaa!"

Ng'wa! Ng'wa! Kila mbwa akamrukia mwenzake aliyevaa ngozi ya fisi. Sange na mkewe wakachurupuka katikati ya miguu yao, wakajificha kichakani.

Vumbi lilipotulia, Ngwamba alikuwa amebaki peke yake, macho bado yamefungwa.

"Harufu ipo bado," akasema. "Kuna mmoja amebaki!"

Akanusa kulia, hola. Akanusa kushoto, hola. Akainamisha kichwa, akanusa karibu zaidi.

"Ahaa! Kumbe ni wewe!"

Akauma mguu wake mwenyewe kwa nguvu zote. Na kwa kuwa alikuwa askari hodari, hakuuachia mpaka alipokata roho.

Mlinzi asiyekubali kazi yake iishe huishia kuwala wale aliokuja kuwalinda.