Mdomo wa Dafne

Katika shamba moja huko Karolina, Marekani, bwana mwenye watumwa alimjia juu Kujo, aliyemnunua karibuni. "Wenzako wamemaliza kumenya mahindi, rundo lako bado mlima! Nikuchape?"

"Utachosha mkono bure, Bwana. Mimi mvivu wa kuzaliwa, hata nzi hunidhania gogo. Dawa yangu ni kusemwa. Kwa jirani yako yupo mjakazi, Dafne, ana mdomo huo! Akinisema yeye, mikono inakimbia yenyewe."

Bwana akacheka. Majirani walizoea kuazimana watu wakati wa mavuno, naye akamwazima Dafne.

Dafne akaketi mbele ya Kujo, akamfokea: "Mvivu! Sura kama kiatu kilichotupwa!" Rundo likapungua. Bwana akaenda zake ameridhika.

Hapo Dafne akashusha sauti. "Nikutukane mpaka lini?"

"Mpaka mavuno yaishe, mke wangu. Tangu watuuze mbalimbali, sijapata wa kunitukana vizuri."