Kiboko na Ngoma ya Pelele

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiposana na kualikana harusini, aliishi Pelele, mpiga ngoma. Alikuwa mdogo, angeenea kapuni, lakini vidole vyake! Ti-ti-pa! Ti-ti-pa! Ukivisikia, miguu inaanza yenyewe.

Shida ilikuwa Kiboko, mshereheshaji. Kazi yake ilikuwa kuwaita wageni wacheze. Basi akishafumbua kinywa, hafumbi!

"Oyoooo! Mikono juu! Nani kama mimi? Semeni Kibokooo!"

Ngoma ikamezwa. Wachezaji wakapoteza mapigo, wakakanyagana, wakarudi kukaa.

"Kaka Kiboko," Pelele alimsihi, "niachie nafasi kidogo."

"Nafasi? Wewe mdogo wangu, bila mimi hiyo ni ngozi inayopigwa tu!"

Maneno hayo yalimchoma Pelele. Lakini angemfanya nini mkubwa yule?

Siku ya harusi ya binti Nyati, alasiri, Pelele alileta donge la asali. Ndani yake alikuwa amechanganya ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege.

"Kaka, dawa ya koo hii. Tafuna vizuri, usiteme."

Kiboko akalitia lote kinywani. Nya! Nya! Nyaaa... Meno yakagandana.

"Mmm! Mmmmm!"

Ti-ti-pa! Ti-ti-pa! Uwanja ukajaa vumbi. Pundamilia akacheza, Ngiri akacheza, na Pelele akacheka moyoni.

Jua lilipoanza kuinama, Pelele aliona jambo. Waliocheza ni wale wale. Ndugu wa bwana harusi walikuwa wamekaa pembeni, wanaona haya, hakuna wa kuwakaribisha. Na bibi yake bi harusi, kikongwe, alitikisa kichwa kufuata ngoma huku akitazama huku na huku, akingoja kuitwa. Pelele hakujua hata jina lake.

Akaweka ngoma chini. Akachukua maji ya moto, akamwendea Kiboko.

"Kaka, mimi ndiye niliyekufunga kinywa. Sukutua. Nisamehe."

Meno yakaachana, tak! Pelele akafumba macho akingoja teke. Halikuja.

"Nilikasirika sana," Kiboko alisema polepole. "Halafu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikasikiliza. Miaka yote hii, mdogo wangu, sikuwahi kuisikia ngoma yako. Nenda kapige."

Ti-ti-pa! Ti-ti-pa! Kiboko akangoja. Akangoja tena. Mapigo yalipotulia kidogo, akaita mara moja tu:

"Bi Sikudhani! Mjukuu wako anakungoja!"

Kikongwe akainuka, akakaza kanga kiunoni, akaingia uwanjani. Na wale ndugu wenye haya wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka mikeka ikabaki mitupu.

Basi, wanangu, ukitaka sauti yako iipambe ngoma ya mwenzio, anza kwa kuisikiliza.